Barua ya wazi: Mheshimiwa, ule muhula wa pili ulikuwa wa mwaka gani?

Kwa Mheshimiwa unayesimamia elimu ya watoto wadogo jijini Nairobi,

Salamu nyingi, na natumai nyumbani kwako ni wazima. Mimi ni mwalimu mstaafu wa chekechea, mkazi wa Eastlands, na ninamlea mjukuu wa miaka mitano aliye PP2, mwaka wa mwisho wa chekechea. Kwa umri ningekuita mwanangu, lakini cheo ni cheo, kwa hiyo nitajitahidi kukuita Mheshimiwa mpaka mwisho.

Nilianza kwa kukuandikia ofisini kama watu wenye adabu. Barua zangu zilipigwa muhuri wa kupokelewa, muhuri mzuri wa wino wa buluu, zikaishia hapo. Ndiyo maana leo naandika mbele ya watu.

Jumatatu iliyopita mwalimu wa mjukuu wangu aliniita. Mtoto hafuati maagizo, maneno yake hayaeleweki, na akiitwa kwa nyuma hageuki. Akashauri apimwe masikio na usemi kabla ya kuingia Gredi ya Kwanza mwakani. Ni ushauri wa haki kabisa. Nikamshika mtoto mkono tukaenda kwenye kile chumba ulichokifungua mwenyewe, katika chekechea ya umma ya mtaa wetu, chenye kibao cha kusema hapo ni mahali pa tathmini. Mlinzi alitufungulia kwa huruma tu. Ndani nilikuta viti vya plastiki, mahema ya mikutano na jenereta. Nikamuuliza mtaalamu huja siku gani. Akacheka, kisha akauona uso wangu, akanyamaza.

Nikukumbushe, kwa heshima zote, maneno yako siku ya kukata utepe. Ulisema kabla muhula wa pili haujaisha kila mtoto anayeingia PP1 atapimwa macho, masikio na usemi. Ukatuambia samaki mkunje angali mbichi. Tulikupigia makofi, na vigelegele nilivianzisha mimi. Muhula wa pili umepita, umepita na mwingine, na mwingine. Huenda kosa ni letu kwa kutokuuliza ni muhula wa pili wa mwaka gani. Samaki wangu, Mheshimiwa, anaendelea kukauka.

Na tafadhali usiniambie kwamba jambo hili ni jipya, linahitaji muda. Mwaka 1984 serikali ilianzisha NACECE, kituo cha taifa cha elimu ya watoto wadogo. Mwaka huohuo vikaanza vituo vya tathmini vya EARC, ili mtoto mwenye ulemavu ajulikane mapema na mzazi wake aonyeshwe pa kwenda. Mwaka 1985 vikafuata vituo vya wilaya, DICECE, ambako ndiko mimi nilikofunzwa kazi, na 1986 ikaja taasisi ya KISE, ile ya Kasarani, kuwafunza walimu wa elimu maalumu. Wakati mambo hayo yanapangwa, wewe huenda ulikuwa unaimbishwa alfabeti na mwenzangu mmoja mahali fulani.

Hata kabla ya hapo hatukuketi kungoja. Baada ya uhuru, nasari nyingi nchini zilisimama kwa harambee: wazazi walileta mbao na mabati, wakachangishana mshahara wa mwalimu. Mimi nililipwa na akina mama wa sokoni, na mwezi ambao biashara ilikuwa mbaya, nami nililala njaa. Tulihesabu kwa vifuniko vya soda, tukashona wanasesere kwa vitambaa. Katiba ya 2010 ilipotamka, katika Jedwali la Nne, kwamba elimu ya chekechea na malezi ya mchana ya watoto ni kazi ya kaunti, nilifurahi sana. Nilijua sasa kazi hii imepata mwenyewe.

Kumbe imepata wenyewe wawili. Chekechea ni ya kaunti, vituo vya tathmini viko chini ya Wizara ya Elimu. Nikibisha mlango mmoja naambiwa mtoto huyu ni wenu wa kaunti. Nikibisha wa pili naambiwa kupima si kazi ya hapa. Masikio yenyewe naambiwa ni ya hospitali, kana kwamba mtoto huja vipande vipande. Kuhusu chumba kile, wengine wanasema pesa za mtaalamu zilihamishwa, wengine wanasema hazikuwahi kuwapo. Mimi nashuku kilijengwa kwa ajili ya ule utepe.

Nisiwe mchoyo wa shukrani. Chakula cha shilingi 5 cha Dishi na County, ule mpango wa kaunti wa kuwalisha watoto shuleni, nakipongeza, kwa sababu mtoto mwenye njaa hafundishiki, na hilo nilikuwa nikilisema kabla halijapata jina. Lakini mtoto aliyeshiba na asiyesikia bado hasikii.

Unajua Maria Montessori alikuwa nani? Jina lake liko kwenye vibao vya shule za karo kubwa hapa mjini. Alikuwa daktari wa Italia aliyefanya kazi na watoto wenye ulemavu wa akili, wale walioonekana hawafundishiki, akawakuta wanafundishika. Mwaka 1907 akafungua nyumba yake ya watoto San Lorenzo, mtaa wa maskini wa Roma. Kwa hiyo mbinu hizi zilianzia kwa watoto kama wetu; leo sisi tunaziona tukipita nje ya geti, ndani ya matatu.

Na Jamaika je? Mjini Kingston, mwaka 1986 na 1987, watafiti waliwachukua watoto 129 waliodumaa. Baadhi yao walitembelewa nyumbani na wahudumu wa afya wa jamii, saa moja kwa wiki, kwa miaka miwili; mama akaonyeshwa namna ya kucheza na kuzungumza na mwanawe kwa vitu vya kutengenezwa kwa mkono. Miaka 20 baadaye waliochezeshwa na kuzungumzishwa walikuwa na mapato ya juu kuliko wenzao kwa asilimia 25. Hakuna mahali nilipoona jenereta ikitajwa.

Mjukuu wangu nililetewa akiwa na miaka mitatu, mama yake alipokwenda Saudia kutafuta kazi. Alikuja na sikio linalotoka usaha, na mimi nashuku ndipo shida ilipoanzia, ingawa aliyestahili kuniambia ni huyo mtaalamu wenu. Asiyesikia maneno atayatoa wapi? Lugha hujengeka miaka hii ya mwanzo, na anayesaidiwa mapema ndiye anayefaidi zaidi. Kliniki ya binafsi inataka, kwa kipimo kimoja, pesa zinazozidi kodi yangu ya nyumba. Pensheni sina, maana mwalimu aliyeajiriwa na wazazi hastaafu, huachwa tu. Nachoma maandazi alfajiri. Mvua ikinyesha nauli inapanda, wateja wanapungua, na mtoto ananitazama mdomo akijaribu kuelewa ninalalamika nini.

Nilikuwa nimekusudia kuomba mengi: mtaalamu wa usemi kwa kila wadi, vifaa vya kusikilizia, mafunzo kwa walimu wa PP1 ili waijue shida wakiiona. Nayaomba bado. Lakini najua orodha ndefu huundiwa kamati, na kamati huenda warsha Naivasha.

Basi nipe tarehe. Mtu mmoja mwenye kifaa cha kupima masikio, siku moja, katika chumba kile. Mahema tutayatoa sisi wazazi, hata leo jioni, na jenereta tutaibeba. Sitaki kusikia muhula, wala robo ya mwaka wa fedha, wala hivi karibuni. Tarehe, mwanangu: siku, mwezi na mwaka.

Wako mtiifu, kwa sasa,

Mwalimu wa chekechea, Eastlands, Nairobi