Fundi, uliza kwanza kabla hujapiga Windows

Mhariri, salaam. Naomba nafasi kwenye gazeti lako niongee na mafundi kompyuta wa hapa Tanga na sisi wateja wao, maana hili jambo limeniuma na naona bado linatokea kila siku.

Tangu Microsoft waache kuihudumia Windows 10, tarehe 14 Oktoba 2025, watu wengi wanabeba laptopu zao kwenda kupigiwa, yaani kuwekewa, Windows 11. Na mimi nilikuwa mmoja wao. Yangu ilikuwa nzito mno, kuwaka tu dakika kumi, nikaipeleka kwa kijana mmoja Ngamiani, duka silitaji. Akaiangalia akasema dada hii inataka Windows mpya, njoo saa kumi. Saa kumi kweli nikaikuta inafunguka fasta, na amenijazia muvi za bure kama zawadi, nikalipa nikashukuru nikarudi zangu Chumbageni. Usiku ndo nafungua desktopu natafuta foda niliyoiandika BIBI, haipo.

Mle ndani kulikuwa na rikodi 14 za sauti ya bibi yangu, Mbondei wa Muheza. Nilimrikodi kwa simu tumekaa uani, yeye anatwanga kisamvu, mchi unasikika kabisa kwenye rikodi, akipumzika ndo anasimulia habari za baba yake kwenye mashamba ya mkonge na wale manamba walioletwa kutoka mbali. Simu niliiuza baada ya kuhamishia kila kitu kwenye laptopu. Bibi hayupo tena, Mungu amrehemu.

Nikarudi kwa yule kijana asubuhi na mapema. Akaniambia dada mbona hukusema, vitu si unaweka D? Yaani diski imegawanywa vyumba, C inakokaa Windows na D pembeni yake. Sasa hapo ndo penye shida yenyewe. Nani aliwahi kutufundisha kuweka vitu D? Mtu wa kawaida anasevu desktopu, au Documents, au picha zinakaa Downloads huko huko zilikoshukia, na zote hizo ziko C, palepale panapofomatiwa, yaani kuandaliwa upya kama patupu. Fundi analijua hilo kila siku ya Mungu, mteja halijui. Basi anayejua ndo aulize.

Nilimpata fundi mwingine akajaribu kuzirudisha. Akanieleza vizuri tu, kwamba kwenye hard disk (diski ya kutunzia vitu) za zamani kama yangu ile fomati ya haraka haifuti vitu pale pale, inatangaza tu kwamba nafasi iko wazi, kinachovimaliza ni vitu vipya vinavyoandikwa juu yake. Na juu yake ilikaa Windows mpya alafu zikaja zile muvi. Akapata mafaili matatu, majina yamegeuka namba, mawili hayana sauti yoyote na moja linacheza sekunde arobaini hivi, bibi anacheka alafu linakata.

Kilichoniuma zaidi ni kujua kwamba haikuwa lazima kufuta. Huyu fundi wa pili alimpandishia mdogo wangu laptopu yake kutoka 10 kwenda 11 nikiwa nimekaa pembeni naangalia. Hakuizima akawashia kwenye flashi yenye Windows 11 kama wanavyofanya wengi, aliiacha imewaka, akachomeka flashi, akaifungua ndani ya Windows ile ile ya zamani akabonyeza setup. Ikafika mahali inauliza unataka kubaki na nini, chaguo la kwanza mafaili na programu zako zote, la pili mafaili tu, la tatu usibaki na kitu. Akachagua la kwanza. Ilichukua muda mrefu, chaja imechomekwa muda wote, ikajizima na kujiwasha mara kadhaa, mwisho ikafunguka na picha zake zote na hata ile picha ya mtoto kwenye skrini ipo vile vile. Ukiiwashia kwenye flashi swali hilo hulipati, unaingia kwenye njia ya kuanza upya, na mafundi wanaipenda kwa sababu ni ya haraka na mashine inatoka nyepesi. Siwalaumu kwa kutaka haraka, foleni ninaiona, ila haraka hiyo gharama yake analipa mwingine.

Ni kweli si kila mashine inakubali. Windows 11 inataka RAM ya GB 4 kwenda juu, nafasi GB 64, na kile kichipu cha usalama TPM 2.0 ambacho laptopu nyingi za mtumba hazina. Na anayetoka Windows 7 kwenda 11 moja kwa moja havuki na mafaili yake. Hata hivyo hayo yote hayamzuii fundi kukopi foda ya mteja kwenye eksteno, ile diski ya nje, kwanza. Ni kazi ya nusu saa, tutailipia. Mimi ningelipa mara kumi.

Ombi langu kwa wenye maduka, lile daftari la kupokelea mashine liwe na mstari mmoja tu, mteja ana vitu vya kubaki au hana, asaini. Na sisi wateja tusiache laptopu mezani na kukimbilia daladala, tuseme kabisa hapa kuna picha za msiba, kuna vyeti, kuna kazi ya chuo.

Na kama umepigiwa Windows juzi au jana na kuna kitu hukioni, tafadhali usiweke kitu chochote kipya kwanza. Fungua C uangalie kama kuna foda inaitwa Windows.old. Kama fundi hakufomati, vitu vyako viko mle, ingia Users, jina lako, Desktop. Fanya leo, maana zikipita siku 10 hivi Windows huwa inaifuta yenyewe.

Msomaji wako,
Chumbageni, Tanga