Barua ya wazi kwa Waziri wa Uchukuzi: kampuni za ndege zikiungana, Mtwara tutabaki na ndege gani?

Mheshimiwa Waziri,

Nakusalimu kutoka Mikindani. Nilikuwa fundi wa ndege kwa zaidi ya nusu ya umri wangu, sasa nimestaafu na kurudi nyumbani. Ndege ikishuka kuelekea uwanja wa Mtwara naitambua kwa mlio kabla sijaiona, na mlio wa mapangaboi ndio ulionifanya nishike kalamu.

Nalitanguliza ombi langu. Siku kampuni za ndege zitakapoomba kuungana hapa nchini, zisipewe ruhusa mpaka zionyeshe kwa maandishi kila ndege yao ya zamani itakwenda wapi, na mji uliokuwa ukiitegemea ndege hiyo utahudumiwa na ipi. Tume ya Ushindani ina mamlaka ya kuchunguza miungano kwa sheria ya mwaka 2003. Naomba Wizara yako ikae nayo meza moja, kwa sababu soko linaweza kuonekana salama kwenye makaratasi huku uwanja mmoja ukiwa umebaki na mbuzi wanaolishwa kwenye njia ya kurukia.

Kampuni mbili zikiwa moja, jambo linalohesabiwa mapema sana ni aina za ndege. Kila aina ina marubani waliosomea aina hiyo, mafundi wenye leseni yake na stoo ya vipuri vyake. Aliyerithi aina sita atataka abaki na tatu. Zinazotangulia kuondoka ni zile zilizokaribia matengenezo makubwa, maana gharama yake yaweza kupita thamani ya ndege yenyewe. Za kukodi hurudishwa kwa wenyewe. Nyingine hupelekwa penye hewa kavu isiyokula bati, kama Victorville kule California au Teruel nchini Hispania. Huko zinavuliwa injini, miguu na vyombo vya chumba cha rubani, na mwili unaobaki unauzwa kama chuma chakavu. Nimewahi kufungua sanduku la kipuri nikasoma karatasi zake, nikakuta kimetoka kwenye ndege iliyokatwakatwa ng'ambo. Kilikuwa kizima kabisa, na kilituhudumia miaka.

Zipo zinazopata bahati. Southwest ya Marekani ilipoinunua AirTran mwaka 2011 ilijikuta na Boeing 717 zipatazo 88, wakati yenyewe ilizoea kurusha 737 peke yake. Zikakodishwa kwa Delta, kampuni nyingine ya huko huko. Delta hiyo hiyo ilikuwa imeungana na Northwest mwaka 2008 ikarithi DC-9 kuukuu, na ikaendelea kuzirusha hadi Januari 2014. Ndege ya zamani ikitunzwa, inafanya kazi.

Lakini Delta ndiyo yenye kisa kinachonikosesha usingizi. Kupitia Northwest ilipata pia ndege ndogo za mapangaboi, Saab 340 zenye viti 34. Ikaamua kuzistaafisha. Julai 2011 ikatangaza kujiondoa katika miji midogo 24, na mingi kati yake, kama Thief River Falls huko Minnesota, ilikuwa ikihudumiwa na Saab hizo. Ndege zilizobaki zilikuwa kubwa mno kwa abiria wachache wa pale. Kilichoinusuru miji ya namna hiyo ni mpango wa serikali yao ulioanza mwaka 1978: kampuni haiondoki mpaka itoe taarifa siku 90 kabla, serikali inaweza kuizuia hadi apatikane mwingine, na anayekuja hulipwa ruzuku. Mheshimiwa, sisi Mtwara tungeshika wapi?

Najua nitajibiwa kwamba njia yetu ya kurukia imerefushwa hadi mita 2,800, na kwamba Airbus A220 inatua bila shida. Ni kweli, na tunashukuru. Ila Q400, ndege ya mapangaboi, ina viti 76, na A220, ambayo ni ya jeti, ina 132. Msimu wa korosho wanunuzi wanajaa, hata 132 havitoshi. Ukifika mwezi wa nne, mvua zikishika, nani atazijaza? Mwenye kampuni hatarusha viti vitupu kila siku. Atakuja mara mbili kwa wiki, na mgonjwa mwenye rufaa ya Jumatano atasubiri Jumamosi. Ndugu zetu wa Lindi wanaokuja kupandia hapa watasubiri nasi.

Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopita na barabara ya Dar es Salaam ikakatika huko Somanga, binti wa jirani yangu alikuwa na miadi hospitali ya Muhimbili. Mabasi yalikwama. Aliondoka kwa ndege ya mapangaboi, mama yake akiwa amekopa nauli kwa watu watatu. Nilimsindikiza mimi hadi mlangoni.

Nisieleweke vibaya: sitaki tugeuzwe jalala la ndege zilizochoka. Uzee wa ndege hauhesabiwi kwa miaka peke yake, bali pia kwa mara ilizoruka na kutua. Mwaka 1988 ndege ya Aloha huko Hawaii, Boeing 737 iliyokuwa imeruka zaidi ya mara 89,000 katika safari fupi za visiwani, ilibanduka paa ikiwa angani, na mhudumu mmoja akapoteza maisha. Safari fupi na hewa ya chumvi, ndiyo hali yetu hapa pwani. Kwa hiyo ndege ya zamani itakayobaki kutuhudumia ikaguliwe kutu kwa ukali kuliko inavyokaguliwa ya bara, na ikishindwa iondoke, nyingine ya ukubwa ule ule ikiwa tayari.

Na zile zitakazoondoka, angalau moja ipelekwe Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, ambako vijana wanasomea ufundi wa ndege. Mimi niliujua ubawa siku nilipoingiza mkono ndani yake, picha za kitabuni hazikunifikisha huko.

Wizara ikiita wananchi kutoa maoni, Dar es Salaam au Dodoma, nitakuja kwa nauli yangu. Nitabeba na madaftari yangu ya kazi.

Wako mtiifu,
Fundi mstaafu,
Mikindani, Mtwara