Tuandike kinachomshtua mbwa kabla ya kumchapa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwakumbushe wenzangu tunaofuga mbwa wa ulinzi hapa Dar es Salaam kwamba mbwa anayerukia bodaboda huonyesha dalili mapema: hukakamaa, hufumba mdomo ghafla, hulamba pua, na hata kipande cha nyama hakitaki. Anayemfunza aandike kila mara kilichomshtua, kilikuwa umbali gani na alichukua muda gani kutulia, kisha mazoezi yaanzie pale ambapo mbwa anaiona pikipiki na bado anakula. Kumchapa kwa sababu amenguruma, kama wengi wetu tunavyopenda kufanya, humfundisha kunyamaza tu, na siku nyingine huweza kuuma bila onyo. Vishindo vikifuatana, honi, kisha watoto wanaokimbia, kisha mkokoteni wa muuza maji, hata mbwa mpole hulipuka. Siku hiyo arudishwe nyumbani.

Mfugaji,
Mbezi Beach, Dar es Salaam