Barua kwa Mwanaisha kuhusu viza ya Mama

Kibokoni, Mombasa

Shoga yangu Mwanaisha,

Assalaam aleykum. Huku sote wazima, na Mama hajambo, ila kunyimwa viza ya kuja kukutembelea huko Australia kumemkata moyo. Aliposikia ni kwa sababu ya maradhi, alidhani anafichwa jambo.

Barua ya uhamiaji ya kumkatalia nimeisoma. Kilichomkwamisha ni figo tu. Daktari wa serikali ya Australia ameandika kwamba mtu mwenye maradhi kama yake huenda akahitaji kusafishwa damu kwa mashine, huduma wanayoihesabu kuwa adimu kwao.

Najua unataka kuwaandikia kwamba utalipa kila kitu na bima umeshakata. Shoga, hilo halitasogeza kesi hata shibri. Sheria yao haiulizi nani atalipa, wala kama Mama atazitumia huduma hizo kweli. Inauliza mtu yeyote mwenye maradhi ya kiwango hicho angehitaji nini katika muda wa viza. Na viza ya kutembea haina msamaha wa afya, yaani kusamehewa sharti hilo, kama ule wa viza ya mke au mume.

Kwa hivyo nguvu zote ziende kwenye maoni ya daktari yule. Baraza la mapitio, lile la kusikiliza rufaa lililochukua nafasi ya baraza la zamani, AAT, Oktoba 2024, haliruhusiwi kuyaweka kando kwa sababu tu daktari wetu hapa anasema vingine. Maoni yakiwa yametolewa kihalali, ni lazima liyakubali. Dawa yake ni kuomba maoni mapya, na hayo yatategemea karatasi tutakazopeleka. Hapo ndipo tulipoumia. Ripoti ya kwanza ilisema "ugonjwa sugu wa figo", basi. Asiyemjua Mama akisoma hivyo atamdhania yuko kitandani na mipira mwilini.

Na Mama yuko hatua ya tatu kati ya tano za ugonjwa huo! Kwa kawaida mashine huja hatua ya tano, kipimo cha GFR, kinachoonyesha figo zinavyochuja damu, kikishuka chini ya 15. Nimezungumza na daktari wake wa figo, amekubali kuandika upya: vipimo vya kreatinini, taka ya damu ambayo figo huitoa, tangu aanze kliniki, presha ilivyotulia, dawa anazomeza, na kauli bayana kwamba katika miezi mitatu ya ziara hatarajii ahitaji mashine. Nimemsihi asiishie kwenye "anaweza kusafiri", maana hilo silo wanalouliza.

Rufaa unafungua wewe, mwanawe mwenye ukazi wa kudumu uliyetajwa kwenye fomu. Mama mwenyewe hawezi. Tarehe ya mwisho imo kwenye barua na baraza halina uwezo wa kuiongeza. Fungua sasa, ripoti zitafuata. Wakitaka apimwe tena na daktari waliyemteua, nitampeleka Nairobi mwenyewe, kwa treni, maana basi humvimbisha miguu.

Ukipata nambari ya kesi nitumie siku hiyohiyo, daktari anataka kuiandika juu ya ripoti. Mama anakusalimu wewe na wajukuu.

Wasalaam,
Zuhura