Timu za vyuo vidogo zisifutwe kwanza

Mhariri, naomba nafasi niseme hili la vyuo vidogo vya binafsi huku kwetu Tabora. Machi 2020 serikali ilipofunga shule na vyuo kwa ajili ya korona ada zikakata, hosteli tupu, lakini mishahara na bili ya umeme viko palepale, na hata vyuo vilipofunguliwa Juni 1 wazazi wengi mfuko ulishatoboka, sasa cha kwanza kufyekwa ikawa michezo, yaani jezi hakuna, nauli ya mechi hakuna, kocha kaambiwa asubiri. Hapo mi nasema wanakosea sana. Marekani kuna vyuo vidogo mwanafunzi anajiunga kwa sababu ya timu na ada analipa, ukiua timu umemfukuza na mlipaji. Sio kwamba wao hawakuumia, MacMurray College kule Illinois, chuo cha tangu 1846, kilifungwa moja kwa moja 2020. Wakuu wa vyuo, hela ya michezo tunalipa humohumo kwenye ada, basi iwekeni akaunti yake isiguswe, na kabla hamjafuta timu tuiteni wazazi tuongee, mpira na neti tunaweza kuchangishana jamani.

Mzazi, Ipuli, Tabora