Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama kwa Mwaka 2025

Ndugu wanachama,

Wazee wetu, shikamooni. Kina mama, kina baba, na ninyi vijana mliotoka zamu ya usiku bandarini na kwenye nyumba za wazee mkaja moja kwa moja hapa, nawashukuru kwa kufika.

Mwaka jana mliniagiza jambo moja. Mlisema chama kisiwe cha harusi na misiba tu, tuijue pia pwani hii ya Suffolk, mashariki mwa Uingereza, tunayoishi: nani aliitawala, nani anaitawala leo, na sisi tuna nafasi gani ndani yake. Watoto wetu wanatuuliza maswali ya masomo yao ya historia nasi tunawaambia wasubiri tumalize kupika. Kamati ililibeba agizo lenu kwa moyo, na sehemu kubwa ya taarifa yangu ni hilo. Ya fedha nitayagusa kidogo, maana mhazini atawasomea hesabu zote.

Tulianza na Dunwich mwezi Juni. Waliokuja watakumbuka jinsi watoto walivyoshuka garini wakitafuta mji. Kuna nyumba chache, baa moja, jumba dogo la makumbusho, ukuta wa magofu ya watawa wa Kifransisko, kisha kokoto na bahari ya rangi ya chai ya maziwa. Mtoto mmoja akauliza, "Mji wenyewe uko wapi?" Nikamwonyesha majini.

Mwaka 1086, wapimaji wa Mfalme William walipoandika kila mali ya nchi katika daftari lake, Dunwich ilikuwa miongoni mwa miji mikubwa ya upande huu wa Uingereza. Ilikuwa na makanisa matatu, na ushuru wake kwa mfalme ulihesabiwa kwa fedha pamoja na samaki wa heringi 68,000. Hata wakati huo daftari lilikwisha kutaja shamba lililochukuliwa na bahari. Dhoruba ya 1286 ikabomoa sehemu ya mji. Ya 1328 ikaziba mlango wa bandari kwa mchanga na kokoto, na mto ukatafuta njia nyingine kaskazini. Meli zikahama na ushuru ukahama nazo. Dhoruba ya 1347 ikachukua nyumba zipatazo 400. Baada ya hapo ilikuwa kumegwa pole pole, kanisa moja baada ya jingine, hadi mnara wa kanisa la mwisho la mji wa kale, la Watakatifu Wote, ulipoporomoka kutoka juu ya genge mwaka 1919. Nilikishika kipande cha genge hilo kwa mkono. Ni mchanga mtupu, kinavunjika vidoleni kama mkate wa juzi.

Ndani ya makumbusho kuna mfano wa mji ulivyokuwa, na juu yake michoro ya mstari wa pwani karne kwa karne. Tulikaa pale muda mrefu kuliko ilivyopangwa, na sioni sababu ya kuomba radhi kwa hilo.

Lakini lililonikaa moyoni si bahari. Dunwich ilikuwa na haki ya kupeleka wabunge wawili London, na iliendelea kuwapeleka wakati mji wenyewe umeshalala chini ya maji. Haki hiyo ilipofutwa mwaka 1832, wapiga kura waliobaki walikuwa 32. Jirani zake Aldeburgh na Orford nao walikuwa na wabunge wawili kila mmoja. Yaani kipande hiki kidogo cha pwani kilikuwa na wabunge sita, na mji wa Manchester, uliojaa viwanda na watu kwa maelfu, haukuwa na hata mmoja wake. Wenye mashamba makubwa walinunua viti hivyo na kurithishana kama ng'ombe. Ilichukua miaka ya maandamano na damu kumwagika kabla sheria haijabadilishwa.

Nawaeleza haya kwa sababu ya mama mmoja wa chama chetu ambaye jina lake nalihifadhi. Ameishi Felixstowe miaka kumi na moja. Baada ya safari ile alinijia nyumbani na bahasha ya halmashauri ambayo hajaifungua, kwa kudhani ni deni. Tukaifungua mezani, kati ya vikombe vya chai. Ilikuwa barua ya kuhakiki daftari la wapiga kura. Akaniambia, "Dada, haya si yetu sisi. Mimi nina pasipoti ya Kenya." Miaka kumi na moja analipa kodi ya halmashauri, ile tunayoiita kaunsil taksi, anapanga mapipa yake ya taka kwa siku zake, na anaamini kwamba kura ni ya wengine.

Ni yetu. Naomba hili liandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano kwa herufi kubwa. Raia wa nchi yoyote ya Jumuiya ya Madola anayeishi hapa kwa kibali halali, akiwa na miaka 18, ana haki ya kujiandikisha na kupiga kura katika uchaguzi wa madiwani na pia wa Bunge. Hiyo ni Kenya, Tanzania na Uganda, na Rwanda tangu ilipojiunga mwaka 2009. Tangu Mei 2023 kituoni lazima uonyeshe kitambulisho chenye picha, na pasipoti ya nchi hizo inakubalika, hata kama muda wake umeisha, mradi sura iliyomo bado ni yako. Mwenye ukaazi wa kudumu anaweza hata kugombea udiwani, akitimiza masharti kama vile kuishi au kufanya kazi katika eneo hilo mwaka mzima.

Ndugu zetu kutoka Burundi, Kongo na Oman hawana haki hiyo mpaka wapate uraia, na inaniuma, kwa sababu wanalipa kodi ileile tunayolipa sisi. Hao ndio sababu nyingine ya sisi wengine kutokaa nyumbani siku ya kura. Yule mama tulimwandikisha palepale kwa simu yake. Ilichukua dakika tano, na tatu kati ya hizo zilikuwa za kutafuta namba yake ya bima ya taifa.

Niliahidi pia kueleza nani anafanya nini, maana tumepoteza nguvu nyingi kwa kubisha hodi mlango usio wake. Mwenzetu mmoja aliandika mara tatu kwa wilaya kuhusu shimo la barabarani mbele ya chekechea. Barabara si za wilaya. Hapa kuna ngazi mbili kubwa. Kaunti ya Suffolk inashika shule, barabara, maktaba na matunzo ya wazee na walemavu. Halmashauri ya Wilaya ya East Suffolk inashika taka, makazi, vibali vya ujenzi, ulinzi wa ufukwe, daftari la wapiga kura, na ndiyo inayokusanya kodi. Bili inatoka kwake, lakini sehemu kubwa zaidi ya fedha huenda kaunti. Chini yao kuna halmashauri za miji na vijiji, zenye makaburi, bustani za kukodi na mabenchi. Wilaya ina madiwani 55. Mei 2023 hakuna chama kilichopata wingi: Green 16, Conservative 15, Labour 12, Liberal Democrats 11, na mgombea huru mmoja. Green, Liberal Democrats na huyo huru wakashikana mikono kuongoza. Kwa viti vilivyokaribiana hivyo, kura za mtaa mmoja si kitu kidogo.

Mipaka hii nayo si ya kale kama inavyoonekana. Kati ya 1889 na 1974 East Suffolk ilikuwa jina la kaunti nzima, na Aldeburgh, Southwold, Beccles na Lowestoft zilikuwa na meya na manispaa zao. Tarehe 1 Aprili 1974 zikaunganishwa zikawa wilaya mbili, Suffolk Coastal na Waveney. Tarehe 1 Aprili 2019 wilaya hizo mbili zikaunganishwa tena zikawa moja yenye watu wapatao 246,000, na jina la zamani likafufuliwa. Sasa Serikali ya London, kwa tangazo lake la Desemba 2024, inataka kuondoa ngazi mbili kabisa. Septemba mwaka huu mapendekezo mawili yalipelekwa huko. Kaunti inataka halmashauri moja kwa Suffolk nzima. Wilaya zinataka tatu, na hapo Felixstowe ingehamia upande wa Ipswich. Mpango ni mabadiliko yaanze kazi Aprili 2028.

Tulipolijadili hili kwenye kikao cha Oktoba, mzee wetu kutoka Tanga aliomba nafasi. Alikuwa kijana mwaka 1972 Tanzania ilipofuta halmashauri na kuleta Madaraka Mikoani. Alisema aliyeumia kwanza alikuwa mwananchi wa kawaida, kwa sababu hakujua tena ofisi ya kwenda bomba la maji likikauka, na halmashauri ziliporudi miaka ya 1980 wazoefu walikuwa wametawanyika. Ukumbi ulinyamaza. Msimamo wangu, na nausema kama wangu, ni kwamba halmashauri tatu zingetufaa zaidi, kwa sababu diwani ninayeweza kukutana naye sokoni Felixstowe ni bora kuliko wa mbali. Wapo katika kamati wanaoona moja ingepunguza gharama, na wana hoja. Wakati wa kuomba maoni ya wananchi ukifika, nataka barua zetu ziwepo, za pande zote mbili.

Septemba tulikwenda Aldeburgh, na hapo nitakaa kidogo. Nyumba ya baraza la mji, wanayoiita Moot Hall, ni ya karne ya 16, ya mbao na matofali, na ngazi yake iko nje ukutani. Ilijengwa katikati ya mji. Leo iko ukingoni kabisa, hatua chache kutoka kokoto za ufukweni, kwa sababu mitaa iliyokuwa mbele yake imeliwa na bahari. Madiwani wa mji bado wanakutana humo. Nilipanda ngazi ile nikishika mbao zilizolainishwa na mikono ya watu wa miaka mia nne.

Katika mji huo, tarehe 9 Novemba 1908, Elizabeth Garrett Anderson alichaguliwa kuwa meya, mwanamke wa kwanza kushika cheo hicho Uingereza. Alikuwa na umri wa miaka 72. Alikwishapigania njia yake ya udaktari mpaka akapata leseni mwaka 1865, milango mingi ikifungwa usoni mwake. Mabinti zetu wauguzi, mpo wengi humu: huyo ni mwenzenu. Jambo walilolishangaa wengi siku ile ni kwamba aliongoza baraza la mji huku sheria ikimkataza kumpigia kura mbunge. Wanawake walikuwa wamefunguliwa mlango wa mabaraza mwaka mmoja tu kabla, 1907. Alifariki 1917, na wanawake wa kwanza walipata kura ya Bunge mwaka uliofuata. Hakuiona.

Kwa wenzetu mnaopanga nyumba karibu na Langer Road, Felixstowe, nina neno zito. Usiku wa tarehe 31 Januari 1953 bahari ilivuka kingo pwani yote ya mashariki na kuua watu 307 nchini. Katika mji wetu walikufa 41, wengi wao katika nyumba nyepesi za muda zilizojengwa baada ya vita, zikang'olewa na maji familia zikiwa zimelala. Ukuta wa bahari umeimarishwa tangu hapo, lakini mtaa bado uko chini. Huduma ya serikali ya kutuma tahadhari za mafuriko kwa simu ni bure. Kufikia Novemba nilikuwa nimepita nyumba tisa kati ya kumi na nne za wanachama wa mtaa huo, na kila nyumba niliyoingia simu moja imeandikishwa. Tano zilizobaki, nakuja wiki ijayo, msinipikie.

Mengine kwa ufupi. Ada zimelipwa vizuri kuliko mwaka jana. Basi dogo tulilokodi kwenda Aldeburgh liliharibika kabla ya kufika Snape, na kampuni iliyotukodisha ilirudisha nusu ya fedha baada ya kuandikiwa mara kadhaa. Nusu iliyobaki katibu anaendelea kuidai. Darasa la Kiswahili la watoto Jumamosi linahitaji mwalimu wa pili, maana aliyepo amepata zamu mpya. Mfuko wa misiba umesaidia familia tatu.

Mwaka ujao, mkiridhia, tutakwenda Orford, kwenye ngome aliyoijenga Mfalme Henry wa Pili kati ya 1165 na 1173, na baadaye Sutton Hoo, walikofukua meli ya kaburi la mfalme mwaka 1939. Kamati imetenga Jumamosi mbili za Mei na Julai. Ngazi za Orford ni nyembamba na za kuzunguka, kwa hiyo wazee watabaki chini na mimi, na watoto wapande na viatu vyenye soli ya mpira. Fomu za kujiandikisha kupiga kura ziko meza ya mlangoni, pamoja na kalamu. Asiye na namba ya bima ya taifa hapa alipo anione kabla ya chakula, tutampigia mtu wa nyumbani amsomee.