Spika za Baba Usimpe Fundi

Tanga

Somo yangu mpenzi,

Salamu nyingi kwako na kwa watoto. Barua yako ilinifika Jumamosi, nikaisoma mara mbili nimesimama mlangoni. Unasema spika za marehemu baba zinakwaruza, besi imekwisha, na fundi wa mtaani kwenu ameshakuambia atazitoa zote mbili akufungie za sabufa ndani ya boksi zile zile. Nakuomba, somo, usimpe. Tena kabla hujamaliza kusoma, nenda ukazichomoe waya kwenye amplifaya, halafu urudi tuzungumze.

Umezichomoa? Sasa toa kile kitambaa cha mbele. Utaona koni ya karatasi, na ukingoni mwake pete ya sponji inayoishika kwenye fremu ya chuma. Iguse polepole kwa ncha ya kidole. Ikikatika, au ikikuachia unga mweusi unaonata, basi ugonjwa umeuona kwa macho yako. Sponji ile ni poliyurethani, na unyevu wa hewa huila kidogo kidogo hata kama spika imekaa kabatini haijapigwa. Ikifika miaka 15 au 20 huwa imechoka, na sisi wa pwani unaijua hewa yetu. Lakini koni yenyewe, sumaku na koili, yaani ile waya nyembamba iliyozungushwa, mara nyingi huwa vizima kabisa. Fundi wako anataka kubomoa nyumba kwa sababu mchwa wamekula kizingiti.

Nimekuhimiza kuchomoa waya kwa sababu pete hiyo ndiyo inayosaidia kuiweka koni katikati. Nyuma ya koni kuna koili, na koili imezama kwenye mwanya mwembamba wa sumaku. Nafasi inayobaki kila upande haifiki hata milimita 1. Sponji ikikatika upande mmoja, koni inalala, koili inasugua chuma. Ndio huo mkwaruzo unaousikia. Ukiendelea kupiga, vanishi ya waya inachubuka, waya zinagusana, na hapo spika imekufa kweli, si kwa maneno ya fundi.

Wala usiogope kuifungua. Koili inayocheza ndani ya sumaku na kusukuma koni ya karatasi: hivyo ndivyo Chester Rice na Edward Kellogg wa General Electric kule Marekani walivyoieleza spika yao mwaka 1925, na ya baba ni hiyo hiyo. Nilipolijua hilo, woga uliniisha.

Zangu unazikumbuka, zile za mjomba alizokuja nazo kutoka Dubai alipokuwa baharia, koni ya inchi 8 na tuita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba, juu yake. Siku ya kwanza nilifanya haraka. Nilikuwa nafungua skrubu, sumaku ikaivuta bisibisi mkononi mwangu na kuichoma kwenye koni. Nililia, somo, nakwambia kweli. Kwa hiyo wewe weka kipande cha kadibodi juu ya koni kabla hujagusa skrubu hata moja, na uifunge uzi mwekundu ile waya ya chanya kabla hujaitoa. Tundu langu nililiziba kwa karatasi ya pakiti ya majani ya chai, tabaka moja mbele na moja nyuma, kwa gundi nyeupe ya mbao niliyoipunguza kwa maji. Leo ukilitafuta hulioni.

Kisha pima koili kwa mita ya umeme, uiweke kwenye omu, kipimo cha ukinzani. Spika ya omu 8 husoma 6 hivi, au 7. Mita isiposogea kabisa, waya imekatika mahali, na hiyo ni kazi nyingine, niandikie kwanza.

Kukwangua sponji ya zamani ndiko kunakochosha. Pamba yenye spiriti kidogo, mpini wa kijiko, na mkono mwepesi. Usiloweshe karatasi. Kwenye fremu ya chuma unaweza kukwangua kwa nguvu, lakini kwenye koni nenda kama unayemtoa mtoto mwiba. Mimi ilinichukua jioni mbili kwa spika moja, na ningeweza kuikatiza kwa nusu saa nikabandika pete mpya juu ya uchafu. Ingebanduka mwaka huo huo.

Halafu kuna kuweka katikati, na hapa ndipo mafundi wengi wenye haraka huharibu. Nilikata kile kikofia cha katikati kwa wembe mpya, nikabakiza upindo mdogo wa kukirudishia. Ndani unaiona koili ikizunguka chuma. Nilichukua picha ya zamani ya eksirei ya goti la mama, nikakata vipande vinne vyembamba, nikavisokomeza katika mwanya, kimoja kila upande. Koili ikasimama sawa, haiwezi kuhama. Ndipo nikabandika pete, kwanza kwenye koni, nikaiacha mpaka kesho yake, kisha kwenye fremu, na vibanio vya nguo kuizunguka yote. Gundi iwe ile nyeupe, inayokupa muda wa kusogeza. Ile inayokauka mara moja usiiweke hata karibu na meza.

Ilipokauka nikavuta eksirei, nikaisukuma koni kwa vidole viwili, huku na huku, sikio nimeliweka karibu. Kimya. Somo, kile kimya kilinifurahisha kuliko wimbo wowote.

Kabla ya kufunga boksi, gusisha betri ya volti 1.5, chanya kwa chanya. Koni zote mbili ziruke kuja mbele. Moja ikirudi nyuma wakati mwenzake anakuja mbele, umegeuza waya, na besi itapotea hewani ingawa kila spika peke yake ni nzima. Na angalia ndani ya boksi. Yangu moja nyigu walikuwa wamejenga kiota cha udongo kwenye tundu la nyuma. Kapasita za tuita, vile vikopo vidogo vilivyoungwa kwenye waya zake, kama zimevuja au zimevimba, tia mpya zisizo na chanya na hasi, zenye namba ile ile ya maikrofaradi.

Nilipounganisha, nilianza na taarab yetu ya hapa, kaseti ya Black Star Musical Club. Unajua wenzetu wa Tanga waliingiza gitaa la besi kwenye taarab. Miaka yote ile nilikuwa nalisikia kama mtu anayegonga meza chumba cha pili. Usiku ule nililisikia likitembea, noti kwa noti, chini ya sauti ya mwimbaji. Mama alitoka jikoni akasimama, mkono una unga, akauliza nani amekuja.

Basi chukua rula unipimie vitu vitatu: upana wa koni pale sponji inapoanzia, upana wa fremu pale inapoishia, na upana wa ule mkunjo wenyewe. Usiniandikie "inchi 8" tu, maana pete za inchi 8 hazifanani. Ukiletewa ya mpira mgumu, ikatae. Koni ile ilitengenezewa sponji laini na itaona uzito. Dada yangu anakwenda Kariakoo mwisho wa mwezi, nitamtuma atafute. Zikipatikana nitavuka mpaka nije nazo mwenyewe, na eksirei ya goti la mama bado ninayo.

Nibusie watoto.

Ni mimi, somo yako